Kutoka Mimbarani hadi Altareni: Historia ya Msamiati wa Liturujia ya Kikatoliki katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi Kiswahili kilivyopata msamiati wa kutaja wakleri, alama na mapokeo ya Kanisa Katoliki. Hoja kuu ni kwamba kwa takribani miaka mia moja, tangu wamisionari walipofika Unguja mwaka 1860 hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufafanulia ibada iliyoadhimishwa kwa Kilatini. Istilahi nyingi zilikomaa katika darasa la mwalimu wa dini, zikajibu maswali ya wanafunzi wake na kusikika kwa majirani Waislamu. Baada ya 1963 istilahi hizohizo zilipanda altareni na kuwa sehemu ya ibada yenyewe. Makala inaonyesha tabaka za msamiati huo, njia zilizotumika kuuunda, na tatizo lililozaliwa pale neno la kufafanulia lilipogeuka kuwa neno linalohitaji kufafanuliwa.

1.0 Utangulizi

Mkatoliki anayeingia kanisani Dominika asubuhi, iwe Bagamoyo, Tabora, Mombasa au Bukavu, huzungukwa na maneno yenye asili mbalimbali. Huchovya kidole katika maji ya baraka, hupiga goti kuelekea tabernakulo, humwona padre akitoka sakristia amevaa kasula, na siku za sherehe hunusa ubani unaofukizwa katika chetezo. Katika sentensi moja tu mna Kiarabu cha baraka na ubani, Kibantu cha goti, Kilatini cha tabernakulo, sakristia na kasula, Kireno cha padre, pamoja na chetezo kilichotoka katika nyumba za Waswahili wa pwani. Muumini huyapokea yote kama lugha moja, na hana sababu ya kufikiri kwamba kila neno lina safari yake.

Wataalamu wa Kiswahili wamezoea kuuchunguza msamiati wa dini kama ushahidi wa ukopaji: lipi ni la Kiarabu, lipi la Kireno, lipi la Kiingereza. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Neno la ibada huundwa ili mtu fulani aweze kumweleza mtu mwingine jambo lisiloonekana kwa kutumia jambo linaloonekana. Kwa hiyo swali la asili ya neno halina budi kwenda pamoja na swali la pili: neno hili lilikusudiwa kumfafanulia nani, na mahali gani? Makala hii inashughulikia maswali yote mawili kwa kufuata msamiati wa Kikatoliki tangu Wareno hadi mwishoni mwa karne ya 20.

2.0 Gereza na kanisa: tabaka la kwanza

Ukristo wa Kikatoliki uliifikia pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Wareno. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza Mombasa mwaka 1593, na muda mfupi baadaye watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na konventi mjini humo. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amebatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliasi dhidi ya Wareno, na Wakristo wengi wakauawa. Mwaka 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu, na isipokuwa kwa kipindi kifupi cha miaka ya 1728 na 1729, utawala wa Wareno Mombasa ukawa umekwisha. Waumini waliosalia hawakutosha kuunda jumuiya iliyodumu. Yaliyobaki ni maneno.

Neno linalofundisha zaidi kati ya hayo ni gereza. Wanaisimu wengi wanalihusisha na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Mabadiliko ya maana yanaeleweka yakitazamwa pamoja na majengo. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome au karibu nayo. Ngome ilipobadili mikono, jina lilibaki kwenye kuta. Na kuta zilipotumika kufungia watu, jina likashika maana ya kifungo. Ngome Kongwe ya mjini Unguja, iliyojengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, inaonyesha kwa mawe njia ambayo neno limepita. Igreja lenyewe linatokana na ekklesia la Kigiriki, lenye maana ya mkusanyiko wa watu walioitwa. Kwa hiyo neno lililokuwa likitaja watu waliokusanywa kwa hiari lilifika katika Kiswahili likiwataja watu waliokusanywa kwa nguvu.

Wamisionari wa karne ya 19 hawakuweza kulitumia. Kwa jengo na kwa jumuiya lilitumika neno kanisa, kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililipokea kutoka lugha za Kiaramu zenye mzizi wa maana ya kukusanya. Hivyo maana ya asili, yaani mkusanyiko, ilirudi kwa mlango wa lugha nyingine. Pamoja na kanisa yalikuwapo maneno mengine ambayo Wakristo wa Mashariki waliyaingiza katika Kiarabu karne nyingi kabla: askofu, kutoka episkopos la Kigiriki, shemasi, kutoka neno la Kisiria la mtumishi, kasisi, ambalo limo pia katika Kurani, injili na msalaba. Jambo hili lina uzito wake kihistoria. Sehemu ya msamiati wa Kikristo wa Kiswahili haikutoka Ulaya kabisa. Ilitoka Mashariki ya Kati, ikapitia lugha ya Uislamu, na ilipatikana pwani kabla ya mmisionari wa karne ya 19 kushuka melini.

Neno padre ni tofauti. Mapadre waliofika karne ya 19 walikuwa Wafaransa na baadaye Wajerumani; kwao kasisi aliitwa père au Pater. Umbo padre si la Kifaransa wala la Kijerumani, wala si Kilatini cha vitabu vya ibada. Ni umbo la Kireno, lililoenea katika bandari za Bahari ya Hindi hadi Bara Hindi. Kwa hiyo umbo hilo linaelekeza kwenye tabaka la Wareno: kanisa lao liligeuka gereza, lakini mtumishi wao alibaki na jina lake.

3.0 Karne ya Kilatini altareni na Kiswahili mimbarani

Historia mpya inaanza Desemba 1860, padre Armand Fava alipofika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre na masista wachache. Mwaka 1863 kazi ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868 misheni ilifunguliwa Bagamoyo. Mwaka huohuo Askofu Mkuu Lavigerie alianzisha huko Algiers shirika la Wamisionari wa Afrika, waliokuja kujulikana kama Mapadre Weupe. Msafara wao wa kwanza ulielekea maziwa makuu mwaka 1878. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika Pugu mwaka 1888, na baada ya misukosuko ya vita vya Abushiri wakajenga vituo vya kusini, vikiwamo Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906.

Wakazi wa kwanza wa misheni ya Bagamoyo walikuwa kwa sehemu kubwa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Walitoka sehemu mbalimbali za bara na hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili kilikuwa lugha ya mahali walipofikia, na kwa wengi wao kikawa lugha ya kwanza ya pamoja. Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi katika misheni hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, aliandika mambo ya lahaja na msamiati kwa uangalifu ambao matunda yake yalionekana katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941.

Hata hivyo Misa haikuadhimishwa kwa Kiswahili. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 22 cha mwaka 1562, uliamua kwamba haifai Misa iadhimishwe kila mahali kwa lugha ya watu. Lakini katika sura hiyohiyo uliwaagiza wachungaji waeleze mara kwa mara, hasa Dominika na sikukuu, kitu fulani kati ya yale yanayosomwa katika Misa. Agizo hilo lilizaa mgawanyo wa kazi kati ya lugha mbili. Altareni palikuwa na Kilatini, kilichosemwa na padre kwa niaba ya wote. Mimbarani, darasani na chini ya mwembe palikuwa na Kiswahili, kilichoeleza yanayotendeka altareni. Sala za pamoja, nyimbo za ibada na katekisimu ya maswali na majibu vilikuwa upande wa Kiswahili.

Lavigerie aliukaza zaidi mgawanyo huu. Akirejea desturi ya Kanisa la karne za kwanza, aliagiza maandalizi ya ubatizo yachukue miaka minne, na mambo ya ndani ya imani yafunuliwe hatua kwa hatua. Anayejiandaa alijifunza kwanza sala na amri, na baadaye sana sakramenti. Aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni katekista: mlei, mara nyingi mwenye familia, aliyeishi kijijini mbali na makao ya padre. Padre alipita kwa vipindi; katekista alikuwapo kila siku. Ni yeye aliyeulizwa kwa nini padre hubusu altare, kwa nini huvaa rangi ya zambarau wakati wa Kwaresima, kwa nini mshumaa huwashwa mchana. Majibu aliyoyatoa yalikuwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, na maneno aliyoyazoea ndiyo yaliyoshika mizizi.

4.0 Njia tatu za kupata istilahi

Istilahi zilizopatikana katika mazingira hayo zilifuata njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kutumia neno ambalo pwani ilikwisha kuwa nalo kwa ajili ya ibada. Sala, sadaka, ibada, baraka, dhambi, toba, malaika na imani ni mifano iliyo wazi. Faida yake ilikuwa kueleweka papo hapo. Gharama yake ni kwamba neno lilikuja na ujirani wake. Mfano mzuri ni siku za juma. Kiswahili huhesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza na Jumapili ni ya pili. Katika mapokeo ya Kikristo siku ya ufufuko ni siku ya kwanza ya juma. Mwalimu aliyesema kwamba Kristo alifufuka siku ya kwanza, kisha akataja Jumapili, alikuwa akijipinga kwa hesabu ya lugha yake mwenyewe. Alhamisi inaongeza ugumu, kwa kuwa jina hilo la Kiarabu lina maana ya siku ya tano, na linafuata Jumatano, ambayo nayo ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiswahili. Wakatoliki walishika neno la Kilatini na kuiita siku hiyo Dominika, yaani siku ya Bwana. Jumapili ilibaki katika mazungumzo ya kawaida, lakini kalenda ya ibada ikapata jina lisilofungwa na hesabu.

Njia ya pili, basi, ilikuwa kuchukua neno la Kilatini, mara nyingine kwa umbo lililopita katika lugha nyingine ya Ulaya, na kulipa sauti za Kiswahili: sakramenti, ekaristi, komunyo, hostia, altare, litania, rozari, Kwaresima, parokia. Kwa altare palikuwapo neno la Kiarabu, madhabahu, linalotokana na kuchinja. Waprotestanti wengi walilitumia, na Wakatoliki wanalijua katika Biblia. Lakini katika jengo la kanisa walishika altare. Tofauti hii ndogo ilikuja kuwa alama ya madhehebu. Vivyo hivyo Noeli, yenye asili ya Kifaransa, na Krismasi, yenye asili ya Kiingereza, zinaonyesha aliyefundisha alitoka wapi kuliko zinavyoonyesha tofauti yoyote ya imani.

Njia ya tatu ilikuwa kuunda neno kwa nyenzo za Kiswahili chenyewe. Hapa ndipo ustadi wa waundaji unapoonekana. Kipaimara limeunganisha kitenzi -pa na kivumishi imara, nalo linafuata kwa karibu maana ya confirmatio la Kilatini, yaani kutia uthabiti. Majilio, kipindi cha kumngojea Kristo, limetokana na kitenzi -ja katika umbo lake -jilia. Kitubio limejengwa juu ya -tubu, mzizi uleule wa toba. Lakini kiambishi chake kinataja njia au tendo lenye utaratibu, na hivyo kutofautisha sakramenti na majuto ya moyoni. Utatu, ufufuko na umwilisho ni wa aina hiyo. Maneno haya yana sifa moja inayoyatofautisha na ya njia ya pili: yanajifafanua. Mtoto asiyejua Kilatini hawezi kukisia maana ya ekaristi, lakini anaweza kukisia kwamba kipaimara kinampa uimara.

5.0 Mavazi, rangi na moshi

Mavazi ya ibada yanatoa nafasi ya kuona uhusiano wa alama na jina lake. Kihistoria mavazi hayo hayakuanza kama alama. Alba ilikuwa kanzu ndefu nyeupe ya Warumi. Kasula lilikuwa joho la nje lililomfunika mtu pande zote, na jina lake la Kilatini lina maana ya nyumba ndogo. Mitindo ya walei ilipobadilika mwishoni mwa zama za Kirumi, wakleri waliendelea na mavazi ya zamani ibadani. Maelezo ya kiishara yalikuja baadaye. Amalarius wa Metz katika karne ya 9, na Guillaume Durand, askofu wa Mende, katika karne ya 13, walilipa kila vazi maana: alba usafi wa moyo, stola mamlaka na nira ya kikuhani, kasula upendo unaofunika yote. Rangi nazo zilipangwa polepole. Innocent wa Tatu, kabla hajawa Papa, alieleza desturi ya Roma ya nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani, na misale ya Papa Pio wa Tano ya mwaka 1570 iliweka utaratibu kwa Kanisa lote la Kilatini.

Katika Kiswahili kasula na stola zilibaki na majina ya Kilatini, lakini kwa alba na kwa vazi refu la kila siku la padre watu walisema kanzu. Neno hilo lilikuwa la vazi la heshima la mwanamume wa pwani, na kwa sehemu kubwa la Mwislamu. Kwa namna fulani lugha ilirudi nyuma katika historia. Roma iligeuza vazi la kawaida kuwa vazi takatifu na kulipa maana za kiishara. Kiswahili kilichukua vazi takatifu na kuliita kwa jina la vazi la kawaida. Katekista aliyesema kanzu alikuwa, bila kukusudia, karibu na chanzo cha alba kuliko Durand.

Ubani na chetezo ni mfano wa pili. Katika nyumba za pwani ubani na udi vilifukizwa kwa ajili ya nguo, wageni, harusi na maombi. Kanisa lilichukua chombo na jina lake, likavitumia kufukizia altare, kitabu cha Injili, waumini na jeneza. Mpwani aliyeingia kanisani hakuhitaji kuelezwa kwamba moshi huo ni wa heshima. Zaidi ya hayo, ubani lina maana ya mchango anaopewa mfiwa, kwa hiyo kufukiza jeneza kulikutana na desturi ya msiba iliyokwishakuwa na jina hilohilo.

Rangi za msiba zilifuata njia ndefu zaidi. Chini ya misale ya 1570 rangi ya mazishi ilikuwa nyeusi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika kifungu cha 81 cha hati yake ya liturujia, ulitaka ibada ya maziko ionyeshe wazi zaidi sura ya Pasaka, na ikaelekezwa kwamba hata rangi ilingane na mazingira na mapokeo ya kila mahali. Nyeupe ikawa rangi inayoruhusiwa. Kwa jamii zilizozoea kumvika marehemu sanda nyeupe, kasula nyeupe halikuwa jambo la kigeni. Nyeusi ndiyo iliyokuwa imehitaji maelezo kwa muda wote huo.

6.0 Vyeo vya wakleri: sarufi na heshima

Daraja za wakleri ni tatu: uaskofu, upadre na ushemasi. Daraja ndogo zilizotangulia ushemasi zilifutwa au kubadilishwa kuwa huduma na Papa Paulo wa Sita mwaka 1972. Kisarufi majina ya vyeo yamekaa katika ngeli yenye wingi wa ma-: maaskofu, mapadre, mashemasi, makardinali. Majina ya makundi hufuata m-/wa-: Wakristo, waumini, walei, watawa, hata wakleri. Ingekuwa rahisi kuona hapa mpaka wa heshima kati ya wanaoongoza na wanaoongozwa, lakini lugha haiungi mkono tafsiri hiyo. Katekista ni mlei, na wingi wake ni makatekista. Madaktari, makarani na majaji wamo humo pia. Ngeli hiyo hupokea vyeo vilivyokopwa vikiwa vizima. Inaonyesha njia ya neno, haionyeshi utukufu wa mtu.

Heshima imetafuta njia nyingine. Askofu huitwa Mhashamu na kardinali Mwadhama, kwa mizizi ya Kiarabu ya heshima na ukuu. Padre huitwa Baba Padre. Kwa anayejua Kireno, maneno hayo mawili ni kitu kimoja kilichorudiwa. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hakuna marudio, kwa sababu padre limekwisha kupoteza maana ya baba na kubaki jina la kazi. Jamii ilipohisi kwamba uhusiano wa kifamilia umefifia katika neno, iliurudisha kwa neno la nyumbani. Huu ni ufafanuzi ambao hakuna mtaalamu aliyeuagiza.

Jina la kiongozi wa Kanisa zima lilikuwa na shida ya aina nyingine. Papa katika Kiswahili ni samaki mkali wa baharini. Muktadha huondoa utata, na neno linatumika rasmi. Lakini si ajabu kwamba Baba Mtakatifu limependwa sana katika sala na mahubiri. Mtawa limepata bahati njema zaidi. Pwani, utawa ulikuwa ni hali ya kujitenga na kukaa ndani kwa staha. Maisha ya nadhiri yalipata ndani ya neno hilo sura iliyokuwa ikiheshimiwa tayari.

7.0 Ufafanuzi unapopanda altareni

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso ulipitisha hati ya liturujia, Sacrosanctum Concilium. Kifungu cha 36 kiliruhusu lugha za watu zipewe nafasi kubwa zaidi. Kifungu cha 34 kilitaka ibada ziwe na urahisi wenye hadhi, zilingane na uelewa wa waumini, na kwa jumla zisihitaji maelezo mengi. Mabadiliko ya kwanza yalianza kutumika rasmi tarehe 7 Machi 1965, na misale mpya ikafuata mwishoni mwa 1969 na mwaka 1970. Wakati huo Tanzania ilikuwa ikijenga hadhi ya Kiswahili katika serikali na shule. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Uongozi wa Kanisa nao ulikuwa ukihamia mikononi mwa wenyeji: Laurean Rugambwa alikuwa ameteuliwa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akaongoza Jimbo Kuu la Dar es Salaam.

Watafsiri hawakuanza na ukurasa mtupu. Mbele yao palikuwa na karne nzima ya maneno ya mimbarani, na maneno hayo ndiyo yaliyoingia katika vitabu vya altare. Hapa ndipo tatizo lilipozaliwa. Neno la kufafanulia huishi ndani ya mazungumzo: mwanafunzi asipoelewa, mwalimu huongeza sentensi. Neno la ibada halina sentensi ya kuongeza. Husemwa lilivyo, mbele ya wote, mwaka baada ya mwaka. Kilatini hakikueleweka na wengi, lakini kwa sababu hiyo hakikupotosha. Neno linaloeleweka nusu ndilo linaloweza kupotosha.

Mfano ulio bora ni Daraja Takatifu, jina la sakramenti inayowafanya watu kuwa mashemasi, mapadre na maaskofu. Daraja kwa Kiarabu ni ngazi au cheo, na maana hiyo imo katika Kiswahili sanifu. Lakini maana ambayo wengi huikutana nayo kwanza ni kivuko cha juu ya mto. Kwa maana ya kwanza, mkleri amepanda. Kwa maana ya pili, mkleri anawavusha wengine. Teolojia zilizomo katika maana hizi mbili hazilingani, na neno lenyewe haliwezi kumwambia msikilizaji achague ipi. Mahubiri yanaweza kuifaidi picha ya kivuko, nayo si mbaya, ila inatokana na sadfa ya lugha na si na mapokeo ya istilahi.

Kwa hiyo lengo la kifungu cha 34 halikutimia kwa kubadili lugha peke yake. Hitaji la maelezo halikupungua; lilihama. Zamani lilihusu ibada isiyosikika. Sasa linahusu maneno yanayosikika. Mahali pa maelezo pia palihama. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na sehemu ya kazi ya katekista ikaingia katika nyumba za waumini wenyewe. Upande wa Kongo, Roma iliidhinisha mwaka 1988 misale ya majimbo ya Zaire, ambamo mababu wema huitwa pamoja na watakatifu na mtangazaji huwaongoza waumini. Huko haikutafsiriwa lugha tu, bali ishara zenyewe. Baadaye Roma ilivuta kamba pande mbili: waraka Liturgiam authenticam wa 2001 ulidai tafsiri ishikamane na Kilatini kwa karibu, na Magnum principium ya 2017 ikayarudishia mabaraza ya maaskofu wajibu mkubwa zaidi wa kuandaa na kupitisha tafsiri.

8.0 Hitimisho

Maneno mawili yanafaa kuifunga historia hii. La kwanza ni fumbo, linalotumika kwa mysterium la Kilatini. Katika fasihi ya Kiswahili fumbo ni usemi uliofungwa ili mwerevu aufumbue. Mzizi wake ni uleule wa kufumba macho na kufumba mkono. Katika imani ya Kikatoliki fumbo halifumbuliwi likaisha, huadhimishwa. Mwalimu wa dini anayefundisha kwa Kiswahili amesimama kati ya maana hizo. Fasihi inamtaka afumbue, na ibada inamtaka aache kitu kikiwa kimefumbwa. Pengine hakuna neno jingine linaloeleza vizuri zaidi kazi ya kufafanua alama kwa watu wa kawaida.

La pili ni mapokeo. Kilatini husema traditio, kutokana na kitenzi cha kukabidhi. Hutazama jambo upande wa anayetoa. Kiswahili kimelitaja jambo hilohilo upande wa anayepokea. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Wamisionari walikabidhi, lakini waliopokea ndio walioamua kwamba padre aitwe baba mara mbili, alba iwe kanzu, na Dominika ikae pamoja na Jumapili katika kinywa kimoja. Utafiti wa tafsiri za liturujia utakaoanzia kwenye vitabu vya altare pekee utaona nusu ya kazi. Nusu nyingine ilifanyika kabla ya vitabu hivyo, darasani, kati ya katekista asiyetajwa jina na mwanafunzi aliyeuliza kwa nini.